Barua ya kufunga shule: likizo hii kila mtoto aoteshe miche yake mwenyewe

Wazazi na walezi, habari za majukumu.

Juni ndo hiyo imefika, Ijumaa tunafunga na watoto watarudi nyumbani na ripoti zao. Naomba msome mpaka upande wa nyuma ambako mwalimu wa darasa kaandika maoni, maana najua wengi mkishaona mtoto kashika nafasi ya ngapi mnaikunja. Darasa la saba mtihani wao ni Septemba, hawa msiwaachie rimoti siku nzima. Ya uji na sare tulimaliza kwenye kikao, sirudii.

Leo nina jambo la miche.

Mwezi wa tatu niliwatangazia kwa mbwembwe kwamba shule imeanza bustani. Bustani ile ilikufa, na aliyeiua ni mimi. Nilipanga zamu za kumwagilia, darasa la tatu asubuhi, la nne wakishakunywa uji, la tano jioni kabla ya kuondoka, nikajiona nimepanga kweli kweli, kila mtoto kashiriki. Na masika yenyewe ndo hiyo, mvua ya Uluguru inatushukia hapa Morogoro karibu kila siku. Mbegu za nyanya nazo nilimwaga paketi nzima kwenye tuta dogo tu, zikaota zimebanana kama nywele, tukafurahi, tukapiga na picha. Wiki ya pili naenda asubuhi nakuta miche imelala chini. Majani bado ya kijani, lakini shina pale linapogusana na udongo limenywea, limekuwa kama uzi uliolowa, rangi ya kahawia, ukivuta kidogo linakatika mzizi unabaki. Wakulima wanakiita kinyausi. Ni ukungu wa kwenye udongo, unapenda majimaji na miche iliyosongamana, na mimi niliupa vyote viwili. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akaniuliza, "Mwalimu, tumeinywesha sana?" Nikamwambia ndio mwanangu, na mimi ndo niliyewatuma.

Kwa hiyo safari hii kazi ya likizo sio kurasa za kunakili. Kila mtoto kuanzia darasa la tatu aoteshe chombo kimoja cha miche nyumbani, mbegu 20, basi. Nyanya, nyanya chungu, sukuma au chainizi, mtakachopata. Likizo ni kama wiki nne, na mche wa nyanya ukitunzwa ndo muda huohuo unahitaji kufikia kuhamishwa, ukiwa na majani manne matano na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Hoho sishauri, yenyewe kuota tu inaweza kukaa wiki mbili mtoto akakata tamaa.

Alafu naomba tuelewane, aoteshe MTOTO. Mwaka jana niliagiza kila mtu aje na mche mmoja, kilichotokea mnakijua wenyewe, Jumapili ya mwisho ya likizo yule kijana anayeuza miche barabarani alimaliza mzigo saa tatu asubuhi, na kuna "nyanya" niliyoletewa mimi ikakua ikakua ikazaa hoho. Sikumgombeza mtoto, alibeba alichopewa.

Usiseme huna eneo. Wengi wetu tumepanga, najua, lakini hapa tunaongelea ndoo iliyopasuka, kopo la rangi, dumu lililokatwa ubavuni, hata kifuu cha nazi kinabeba miche mitatu. Muhimu litobolewe chini matundu ya kutosha, bila matundu maji yanatuama na hadithi ya kinyausi inaanza upya. Likae kwenye baraza au dirishani panapopata jua nusu siku.

Udongo, vikombe viwili vya udongo wa juu, ule mweusi wa chini ya mti, kimoja samadi, kimoja mchanga. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu, ile mbichi inaunguza mizizi. Baada ya kuchanganya, mzazi (hapa ndo kazi yako pekee, mtoto asishike) mwagia maji yaliyochemka, uache upoe na kuchuja mpaka kesho yake, inasaidia kuua vimelea. Mtoto achore mistari kwa kijiti, kina kisizidi nusu sentimita, mbegu hadi mbegu vidole viwili, afukie kiduchu na kutandaza nyasi kavu juu. Siku ya tano hivi aanze kuchungulia, usiku wa Juni una baridi kwa hiyo zinaweza kufika hata siku ya kumi. Zikishatokeza tu nyasi ziondolewe hukohuko, zikichelewa miche inarefuka myeupe imepinda shingo inatafuta mwanga.

Kumwagilia, chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa msumari wa moto, matundu sita saba. Na kabla ya kumwaga achomeke kidole mpaka pingili ya kwanza. Kikitoka na udongo umeganda, aiache chupa. Kikitoka kikavu, anyweshe. Hii ya kidole ndo somo lenyewe ninalolitaka, mengine yote ni mbwembwe. Mimi ningekuwa na kidole hicho mwezi wa tatu saivi tungekuwa tunakula kachumbari.

Mbegu zinapatikana maduka ya pembejeo, angalieni kwenye paketi lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na paketi moja ina mbegu nyingi kwa hiyo chumba na chumba mchangiane. Ukitaka usitoe hata mia, kamua nyanya iliyoiva vizuri kwenye kikombe, iache siku mbili tatu mpaka itoe povu na harufu mbaya, ule utelezi unaozunguka mbegu ndo unaozizuia kuota na hapo unakuwa umelainika, osha, anika kivulini kwenye sahani, sio kwenye gazeti zinaganda. Ila kama nyanya ni chotara usitegemee mtoto kufanana na mama. Nyanya za aina ya Tanya au Tengeru 97 hazina tatizo hilo.

Kwenye daftari aandike tarehe aliyopanda, ngapi zimeota, na urefu kwa rula kila Jumamosi. Zikiota 14 kati ya 20 darasa la tano wanijibu ni asilimia ngapi. Aliyeotesha mche mmoja aje nao na daftari lake, na ambaye imekufa yote aje na daftari tu, aeleze ilikufaje. Huyo ndo nina hamu naye zaidi.

Kuna baba aliniambia kikaoni kwamba kamleta mtoto asome, kama ni jembe lipo kwao. Namuelewa. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 ilitaka shamba la shule liwe darasa, lakini wengi wetu tulilijua kama mahali pa waliochelewa namba. Mimi mwenyewe nimelima matuta ya adhabu mpaka mikono ikaota malengelenge. Hapa hakuna atakayechapwa wala kulimishwa kwa sababu ya mche.

Tahadhari tatu fupi. Mtoto asiguse dawa za wadudu, hata kama zipo kwenye chupa ya soda, na hasa kama zipo kwenye chupa ya soda. Kuku, funikeni chombo na kipande cha chandarua kilichochakaa, nimesema kilichochakaa, sio kile anacholalia mtoto. Na wiki ya mwisho miche ipunguziwe maji kidogo na miche izoee jua, vinginevyo siku ya kuhamisha itazimia yote.

Tukifungua, chombo kije Jumatatu jioni na sio asubuhi, tutahamishia bustanini jua likiwa limepoa. Wa mbali wanaokuja na bodaboda tafadhali mzazi akishike, sio mtoto.

Na aliyeondoka na ndoo ya bluu ya jikoni siku ya kikao airudishe, simtafuti ubaya, tunaihitaji kwa maji.

Mwalimu Mkuu