Densi isiyopangwa: anzeni na mgongo

Mhariri,

Wengi huogopa kucheza densi isiyopangwa ya kugusana (contact improvisation), ambapo watu huegemeana na hata kubebana, kwa kuwa hawajui hatua. Kinachoiharibu zaidi ni haraka. Mgeni akiingia, mpe kwanza mgongo: mgongo kwa mgongo, magoti yamelegea, mkiegemeana kidogo kidogo hadi kila mmoja asikie pumzi ya mwenzake. Ukimshika kiganja na kumvuta, atakaza mabega na densi itakufa papo hapo. Kumbeba mtu ni kazi ya nyonga na miguu. Mikono huchoka upesi. Mcheza densi Steve Paxton na wenzake walianzisha mtindo huu Marekani mwaka 1972. Raha yake jamani! Watu wasiojuana hata majina wanageuka pamoja, hakuna aliyeamuru. Na anayetaka kupumzika atoke tu, bila kuaga.

Mpenzi wa densi