Kachupa kadogo, bia tatu

Mhariri,

Juzi hapa Iringa dereva wa bodaboda aliniambia, "Sijalewa mzee, nimegonga kachupa kadogo tu." Nikakachukua nikasoma: mililita 200, asilimia 40. Maana yake mna mililita 80 za kilevi chenyewe. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25. Kijana alishamaliza bia tatu na ushee, na abiria anamsubiri! Hata mvinyo wa asilimia 12, glasi ya mililita 200 inaikaribia bia nzima. Ulanzi wetu, pombe ya mianzi, ndio hauna hata lebo: ukigemwa ni mtamu, ukilala ni mkangafu, yaani mkali.

Watengenezaji waandike pia mililita za kilevi kwenye chupa, kwa herufi zinazosomeka.

Msomaji wako,
Iringa