Somo, umeniuliza ninafanya kazi gani

Kaskazini mwa Uingereza,
Jumapili jioni

Kwako somo yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na unifikishie shikamoo kwa mama. Mimi huku ni mzima, isipokuwa mikono, ambayo imekauka na kupasuka kwa kunawa mara zisizohesabika kwa siku, na sababu ya kunawa huko ndiyo habari yenyewe ya barua hii.

Umeniandikia kwamba hapo Ngamiani watu wanasema niliacha ukarani wangu nikaja Ulaya kuosha Wazungu, na kwamba ungependa nikueleze mwenyewe ili ujue la kuwajibu. Wajibu kwamba ni kweli. Ninaosha Wazungu, Wapakistani, Wajamaika na yeyote yule aliyelazwa mbele yangu, wala sioni haya. Ila waliokupa habari hawakukwambia ninawaosha wakiwa katika hali gani, nami nadhani hapo ndipo penye maelezo.

Kazi yangu iko katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho sisi huku tunakiita ICU kama mnavyokiita huko. Mimi ni mhudumu wa afya, yaani si daktari wala si muuguzi, bali ni yule aliye chini yao katika ngazi ya mishahara na aliye karibu kuliko wengi na ngozi ya mgonjwa. Zamu huanza saa moja na nusu asubuhi na kumalizika saa mbili usiku, na zamu ya usiku huwa na urefu uo huo. Mgonjwa anayepumua kwa mashine hukabidhiwa muuguzi wake peke yake, na wale waliopata nafuu kidogo huangaliwa wawili na muuguzi mmoja. Mhudumu hana kitanda chake, hivyo mimi huzunguka vitanda sita au vinane, nikiitwa huku kugeuza, kule kuosha, pale kukimbiza sindano ya damu kwenye mashine ya kupima hewa iliyomo ndani yake kabla haijaganda. Asubuhi, kabla ya yote, hupita kila kitanda kuhakikisha kwamba glavu na aproni zipo, kwamba mtungi wa oksijeni umejaa, na kwamba mashine ya kunyonya makohozi inavuta kweli, maana kifaa kisichofanya kazi hujulikana saa ile ile kinapohitajika.

Unakumbuka tulivyomuuguza bibi yako pale hospitali ya Bombo, upepo wa bahari ukiingia madirishani? Wauguzi walimchoma sindano na kumpa dawa, lakini aliyemwosha ni mama yako, aliyemlisha uji ni wewe, na mimi nilikuwa wa kufua na kuleta chupa ya chai. Siku zile mtu akisema "ninauguza", hakuna aliyemuuliza ameajiriwa wapi. Ilieleweka kwamba ana mgonjwa wake. Huku ndugu huja saa za kuwaona wagonjwa, huketi kitini, hushika mkono wa mtu wao, na wengi huogopa hata kumsogeza kwa sababu ya mirija iliyomzunguka. Ile nafasi ya binti, ya shangazi na ya mke, nafasi ya mtu wa kushika beseni, ndiyo niliyoajiriwa kuijaza. Kwa hiyo ukitaka kuwajibu watu wa mtaani kwa neno moja, waambie kwamba somo yako anauguza watu wasio wake, na kwamba analipwa, ingawa si sana.

Sasa nikueleze kuosha kwenyewe. Huwa tuko wawili au watatu. Mwili wa mtu aliyelazwa kwa dawa za usingizi ni mzito kuliko unavyoudhania. Mguu mmoja tu unaweza kukutoa jasho, kwa kuwa mwenyewe hakusaidii hata kidogo. Tunaanza usoni kwa maji matupu, macho yakipanguswa kutoka upande wa pua kwenda nje, kisha tunayatia mafuta mazito maalumu, kwa sababu dawa zile huzuia kope kufumba sawasawa na jicho linaweza kukauka hadi likapata kidonda huku mwenyewe hana habari. Kinywa kinataka subira. Mrija wa kupumulia umepita humo, umefungwa kwa utepe shavuni, nasi tunapaswa kupiga meno mswaki pembeni yake kwa mswaki mdogo unaonyonya maji papo hapo, kwa kuwa uchafu wa kinywani ukishuka mapafuni huzaa nimonia juu ya ugonjwa aliokuja nao. Halafu ndipo tunapomgeuza: muuguzi anashika mrija, anahesabu moja, mbili, tatu, nasi tunamvuta kwa pamoja hadi alale ubavu.

Mgongo, makalio na visigino ndipo ninapotazama kuliko pote. Mtu asiyejigeuza hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na kidonda huanzia ndani kabla hakijaonekana nje. Kwa mgonjwa mweupe ninabonyeza pale palipopata wekundu: pakigeuka pakawa peupe kisha wekundu ukarudi, bado tunawahi, pakibaki vile vile, namwita muuguzi. Lakini kwenye ngozi kama yetu wekundu hauonekani, na hili wenzangu wengine walichelewa kulijua, kwa kuwa picha walizofundishiwa zilikuwa za ngozi nyeupe. Kwa mtu mweusi ni lazima uguse, usikilize joto na ugumu kwa viganja vyako, ulinganishe kisigino hiki na kile. Nimewahi kumwonyesha muuguzi mwenye uzoefu wa miaka mingi kuliko wangu, akagusa, akanyamaza, akaenda kuandika.

Hata nywele ni kazi. Tuna kofia zenye shampuu ndani yake, ambazo hupashwa moto kwenye maikrowevu, akavishwa mgonjwa na kusuguliwa kichwa bila kumwagiwa maji. Kwa nywele nyepesi zinafaa sana, kwa nywele zetu hazifui dafu. Alikuwako mama mmoja mwenye asili ya Karibiani ambaye baada ya siku kumi za kulala chali, kisogo chake kilikuwa kimesongamana kama kiota. Niliomba ruhusa kwa binti yake, nikaomba mafuta aliyozoea kupaka nyumbani, na usiku mmoja uliotulia nikachambua kwa vidole, kidogo kidogo, kisha nikamsuka mistari ya kurudi nyuma. Nilipomaliza ndipo nikakumbuka kwamba msuko ule sisi tunauita twende kilioni, nikatahayari peke yangu pale kitandani. Nashukuru hakuna aliyenielewa. Mama yule alipona, akahamishiwa wodi ya kawaida akiwa na misuko yangu kichwani.

Wakati wa mafunzo, nilipokuwa nikipata kile cheti chetu cha wahudumu wa afya, ambacho wakati huo kilikuwa na vigezo kumi na vitano, mwalimu alitusimulia asili ya vyumba hivi, nami nimeipenda hadithi hiyo kwa sababu ni ya mikono. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulivamiwa na ugonjwa wa kupooza, yaani polio, na wagonjwa wengi walishindwa kupumua. Daktari mmoja wa usingizi, Bjørn Ibsen, akapendekeza watobolewe koo, watiwe mrija, na hewa isukumwe ndani kwa mfuko wa kubinya kwa mkono. Mashine za kutosha hazikuwako, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1,500 kwa jumla, wakaketi kwa zamu kando ya vitanda, mchana na usiku, wakibinya mifuko. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba cha kuwaweka pamoja wagonjwa wa namna hiyo, na kutoka hapo vikaenea duniani.

Nami niliona mikono ikirudi kutumika mwaka 2020, nikiwa bado mgeni kazini. Wagonjwa wa korona tuliwalaza kifudifudi saa kumi na sita kwa siku, ili sehemu ya nyuma ya mapafu, inayolemewa mtu akilala chali, ipate kufunguka. Kumpindua mtu mmoja kulitaka watu saba: mmoja kichwani ameshika mrija, naye ndiye anayetoa amri, watatu huku na watatu kule, sote tumevaa barakoa na miwani iliyojaa ukungu, mgonjwa amezungushiwa mashuka mawili kama kitumbua kilichofungwa kwenye karatasi. Mrija ukichomoka, dakika chache tu zinatosha kumpoteza. Siku hizo sikukuandikia hata mstari mmoja, nawe ulinilaumu, sasa unajua.

Kuna jambo moja ambalo sijamweleza mtu yeyote wa nyumbani, nalo ni kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza alilazwa mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, aliyekuwa chini ya dawa za usingizi kwa muda mrefu. Asubuhi moja tulichelewa, na mimi, nikiamini kwamba hajui lolote, nilimwekea kitambaa chenye maji usoni bila kumwambia neno, huku nikizungumza na mwenzangu kuhusu basi lililonipita kituoni. Maji yenyewe yalikuwa yamepoa. Mashine ya moyo ilipiga kelele kidogo, mapigo yakapanda, tukadhani ni kikohozi, tukaendelea.

Yule mzee alipona. Baada ya miezi kadhaa alirudi hospitalini kwenye kliniki ya wale waliopitia kwetu, akaomba kukiona chumba, nami nikawa ndiye niliyempokea mlangoni. Alinitazama kwa muda mrefu. Akanieleza, kwa upole mkubwa, kwamba kule alikokuwa alijikuta ndani ya meli yenye giza, na kila kulipokucha alikuja mwanamke akamzamisha uso majini, huku akiongea na mtu mwingine habari za basi. Hata alipoamka, kwa wiki nyingi nyumbani kwake hakuweza kunawa uso bila kumshika mkewe mkono.

Somo, nilitamani sakafu inimeze. Madaktari wetu wanalijua jambo hili vizuri: dawa, ugonjwa na kukosa usingizi huivuruga akili, mgonjwa akaweweseka, na kila anachofanyiwa kikageuka mateso katika ndoto ile. Mirija huwa nyoka, muuguzi huwa askari, sindano huwa sumu. Niliyajua hayo kwenye karatasi. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba mwanamke yule ni mimi, na kwamba maji yalikuwa ya kumwosha. Akacheka kidogo, akatoa mfukoni daftari. Ni daftari tunaloweka kando ya kila kitanda, wauguzi, wahudumu na ndugu wakaandika kila siku kilichotokea, ili mgonjwa akiamka apate kuziba pengo la siku asizozikumbuka. Akanifungulia ukurasa wa siku ile, na hapo palikuwa na mwandiko wangu mwenyewe: kwamba leo nje kuna mvua, kwamba tumekuosha uso na kukunyoa ndevu, kwamba nimechelewa kwa sababu basi limenipita. Aliniambia kwamba aliposoma mstari huo wa basi ndipo alipojua ile haikuwa meli.

Tangu siku hiyo simgusi mtu kabla sijamwita kwa jina, nikamwambia ninataka kufanya nini, na maji yangu hupimwa kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga. Wapo wenzangu wanaonicheka nikiongea na mtu asiyejibu. Naongea pia na waliokwisha kufariki, maana hao nao tunawaosha, dirisha likiwa limefunguliwa kidogo kwa desturi ya wauguzi wa zamani wa huku, na jina lao likifungwa mkononi na mguuni. Akiwa Mwislamu tunawasubiri watu wake, nasi hufanya machache tu tuliyoruhusiwa. Mwosha huoshwa, bibi yako alikuwa akisema, nami nikiwa nasukuma kitoroli cha mashuka saa tisa za usiku, neno hilo hunijia bila kuitwa.

Kwa hiyo nina ombi kwako, na nisingependa ulisahau. Kule Bombo, kila mama yako alipotaka kumgeuza bibi, kwanza aliinama akamnong'oneza maneno fulani sikioni, halafu akasubiri kidogo, ndipo akamshika bega. Nilikuwa nimesimama na beseni, nikamwona midomo ikicheza lakini sikusikia. Naomba umuulize alikuwa akimwambia nini, uniandikie kama alivyotamka, neno kwa neno. Kesho naingia zamu ya usiku, siku tatu mfululizo. Barua yako itanikuta nimelala mchana, ila nitaamka.

Wasalimu wote hapo nyumbani.

Ni mimi somo yako wa siku zote.