Mashine ya kutenga chenga haizuii chenga

Ndugu Mhariri,

Ile habari yenu ya mashine ya kuchagua na kufungasha mchele, mliyoiwekea picha kubwa ya pakiti za kilo moja na kilo mbili zimepangwa mezani, nimeisoma nikairudia. Miaka mingi nimekaa kimya kila mnapoandika mambo ya mpunga. Safari hii nimeshindwa. Ukurasa mzima umeisha bila mwandishi wenu kumuuliza mtu yeyote swali la kwanza kabisa: hiyo chenga, yaani vipande vya mchele, ambayo mashine inaitenga, nani kaivunja?

Nimefanya kazi ya ufundi wa mashine za kukoboa karibu maisha yangu yote, kwa hiyo mitambo hiyo ya kuchagua naielewa, ni mashine tatu. Ya kutoa mawe ni chekeche lililolazwa mshazari, linatikisika huku upepo ukipuliza kutoka chini. Mchele unaelea na kuteremka, jiwe kwa uzito wake linabaki chini na kusukumwa upande wa juu. Ya kuchagua kwa rangi ina kamera. Punje zinateremka mbele yake, ikiona nyeusi au ya njano, tundu la hewa linaipuliza nje kabla haijafika chini. Ya kuchagua kwa urefu ni pipa lenye vishimo ndani, linazunguka na kubeba vipande vifupi, mchele mzima unapita. Ni kazi nzuri, na vijana wetu wakizitengeneza hapa hapa nchini nitawaunga mkono. Lakini zote tatu zinatenga tu. Punje ikishakatika hakuna mtambo wa kuiunga, na hasara hiyo ni ya mkulima, maana bei ya chenga iko mbali sana na ya mchele mzima.

Kuvunjika kunaanzia kwenye turubai. Mpunga unavunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, na ili ukoboleke vizuri unatakiwa ushuke hadi karibu asilimia 14. Huku kwetu bonde la Usangu, Mbeya, miezi ya mavuno jua la mchana ni kali, upepo mkavu, na usiku baridi. Ukiuacha mpunga mchana kutwa bila kuugeuza, kisha usiku ukapigwa na umande, punje inapasuka ndani ya ganda lake na huioni. Inafika mashineni imeshapasuka. Mawe nayo hayaoti kwenye suke. Yanatoka kwenye udongo tunaoanikia, na wengine wanaanika pembeni mwa barabara kuu. Kifaa cha kupima unyevu kipo, kinashikwa kwa mkono mmoja, lakini hapa kijijini sijakiona kwa mkulima yeyote ninayemfahamu. Tunauma punje kwa jino, na jino ndilo linaloamua kama familia itapata ada ya shule au haitapata.

Mwaka jana baada ya mavuno nilipeleka mpunga wangu wa mbegu ya SARO 5 kwenye mashine moja ya huku kwetu. Niliuanika mwenyewe, nikaugeuza, nikaufunika kila jioni. Ulipoanza kutoka, nilichota kiganjani nikaona nusu ni vipande na chuya, punje zenye ganda bado, zimejaa. Mwenye mashine akaniambia, "Mzee, mpunga wako umekauka kupita kiasi." Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa ameshaambiwa wake ni mbichi. Nikaomba wasimamishe wafungue kifuniko nizione rola za mpira. Mwenye mashine akajibu hapa si karakana, nisiporidhika nipeleke kwingine. Umeme ulipokatika, kijana anayeendesha aliifungua mwenyewe, kwa heshima, akanionyesha. Mpira ulikuwa umelika hadi unakaribia chuma. Msomaji asiyejua ufundi naomba anivumilie hapa, kwa sababu wizi wote umejificha ndani ya kifuniko kile. Rola ni mbili, zinazunguka kuelekeana, moja inakwenda mbio kuliko mwenzake, na tofauti hiyo ya mwendo ndiyo inayovua ganda. Mpira wa ile ya mbio ukilika, inapungua unene, tofauti inapungua, ganda halivuki. Dawa yake ni kubadilisha rola. Rola ni pesa, kwa hiyo wanazibana zaidi, halafu wanakaza kinu cha chuma kilicho chini yake, kinachong'arisha mchele, ili chuma kimalizie kazi ambayo mpira umeshindwa. Punje zinasuguana na chuma, zinapata joto, zinakatika. Hapo mashine iliyonunuliwa kama ya kisasa imerudi kuwa kinu cha chuma, aina ile aliyoibuni Mbrazili Evaristo Conrado Engelberg katika miaka ya 1880! Kilo 100 za mpunga mzuri zina takriban kilo 20 za maganda na kilo 8 hadi 10 za pumba laini, na mashine iliyotunzwa inakurudishia kilo 65 mpaka 70 za mchele. Mimi sikufika 60. Zilizopotea zilisagika zikaingia kwenye pumba, na pumba kwa desturi ya mashine ile ni mali ya mwenye mashine, anawauzia wafugaji wa kuku na nguruwe. Yaani ananitoza kukoboa, anavunja mchele wangu, kisha anauza vile vipande. Kadiri anavyovunja zaidi ndivyo pumba yake inavyonenepa. Ni nani mwenye faida hiyo atakayekimbilia dukani kununua rola mpya?

Halafu pakiti. Ghala lile lile linalopokea mpunga wetu wa Mbarali, kutoka Igurusi na Ubaruku, nimeona likifungasha mchele kwenye mifuko iliyochapwa "Mchele wa Kyela". Kyela iko kule karibu na Ziwa Nyasa, ng'ambo ya Rungwe, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Mpunga wao una udongo wake, maji yake na harufu yake. Mkulima wa Kyela anaibiwa jina na mkulima wa Mbarali anafutwa jina, siku moja, kwa mfuko mmoja. Wahindi waliisajili Basmati kwao mwaka 2016 kuwa jina la mchele wa eneo inakolimwa tu, mtu asilitumie ovyo. Sisi tunafungiwa mchele kwenye mfuko wa jirani na gazeti letu linaupiga picha.

Na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Sheria inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, sote tunaijua, na bado tajiri akija shambani mpunga unashindiliwa hadi gunia linashonewa kilemba juu. Mashine mliyoisifia inapima mchele wa mlaji wa mjini kwa gramu. Mpunga wa aliyeulima unapimwa kwa macho ya dalali, na ukisema neno anapanda pikipiki anakwenda kwa mwenzako mwenye shida ya pesa kuliko wewe. Mama wajane wa hapa wanauza hivyo kila msimu. Linaniuma sana jambo hili, na nisingependa libaki mstari wa mwisho wa habari za biashara.

Ninachotaka kifanyike si kikubwa. Kila mashine ya kukoboa iwe na ubao mlangoni, ulioandikwa kwa chaki, tarehe rola zilipobadilishwa mara ya mwisho. Kuwe na mizani mbili, moja mpunga unapoingia, nyingine pumba inapotoka, na pumba ipimwe mbele ya mteja. Kipima unyevu kifungwe kwa mnyororo kwenye meza ya mizani ili kisichukuliwe, na kila mpunga upimwe kabla haujamwagwa, hapo ndipo tutajua nani mpunga wake mkavu na nani mbichi. Mpunga ukipimwa asilimia 14 na bado mchele ukashuka chini ya kilo 62 kwa kila 100, mteja asitozwe hata senti, pumba achukue yeye. Kwenye pakiti iandikwe wilaya mpunga ulikolimwa, mbegu yake na asilimia ya chenga, kwa herufi zisizopungua ukubwa wa jina la mfungashaji.

Wabunifu nao nawaomba waje huku kabla hawajafikiria kamera. Watutengenezee kipima unyevu ambacho mkulima anaweza kukinunua kwa bei ya debe moja la mpunga. Watafute namna ya kutengeneza rola za mpira hapa Mbeya, zipatikane kwa fundi wa kawaida, ili mwenye mashine asiwe na kisingizio. Wakifanya hayo mawili, mchele utakaofika kwenye mashine yao ya kuchagua utakuwa mzima, na kazi ya kuchagua itakuwa ndogo.

Mwandishi wenu namkaribisha Igurusi wakati wa mavuno. Asije na mwenyeji wa ofisini. Ashukie stendi, aulize fundi wa mashine, watamleta. Nitamweka kwenye foleni ya kukoboa pamoja na wakulima, asubuhi hadi zamu yetu ifike, na rola tutazifungua mbele yake.

Fundi mstaafu na mkulima wa mpunga,
Igurusi, Mbarali, Mbeya.