Shukrani kwa mzee wa Piedmont Street

Mzee wangu, hukutuachia jina, kwa hiyo nakushukuru hadharani. Huenda jirani yako mmoja wa Bay Village, Boston, akakufikishia.

Mama mkwe wangu alikuja kumkumbuka mjomba wake, kijana aliyekuwa akichomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli cha Fore River, Quincy, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 1942 alikwenda kustarehe katika klabu ya usiku ya Cocoanut Grove, hapo Boston. Moto uliozuka humo usiku ule uliua watu 492.

Kibao cha kumbukumbu ya moto huo kimelazwa kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Piedmont Street, na theluji ilikuwa imekifunika. Ulikipangusa kwa mikono yako, ukamshika mama kiwiko, ukamweleza taratibu: mlango wa kuzunguka uliokwama kwa msongamano, milango mingine iliyokuwa imefungwa, moshi uliowawahi watu kabla ya moto. Hukumficha kitu, wala hukumtisha. Tangu utotoni alijiuliza kwa nini kijana mwenye nguvu vile hakutoka, na kwao hakuna aliyetaka kulizungumza. Ulimwambia pia kwamba baada ya msiba ule sheria zilidai milango ya kawaida iwekwe kando ya ile ya kuzunguka. Hapo ndipo alipolia. Nadhani alihitaji kulia kuliko hata kukiona kibao.

Asante sana, mzee. Mungu akuzidishie afya. Mama anakusalimu, na anasema chai yako ipo siku yoyote utakayopita kwetu.