Shemeji adai chumvi yangu imemuua koi, na mume wangu kanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Kunakaribia kupambazuka na usingizi haujanijia. Nyumba za ukweni unazijua, kwa hiyo sitakuchosha kwa kueleza nani ni nani. Shemeji mkubwa amesema mbele ya mama mkwe kwamba chumvi niliyotia kwenye bwawa la koi, wale samaki wa mapambo, ndiyo iliyomuua yule kohaku mkubwa, koi mweupe mwenye mabaka mekundu. Mume wangu alikuwa amekaa pale pale. Hakufungua mdomo.

Naomba nianze na hiyo chumvi, maana ndiyo kesi yangu yote. Bwawa lina urefu wa mita 4, upana mita 2.5 na kina mita 1.2. Ukizidisha unapata lita 12,000. Kiwango cha kumsaidia koi mwenye kidonda ni asilimia 0.3, yaani kilo 3 kwa kila lita 1,000, na kwa bwawa letu ni kilo 36. Ilikuwa chumvi ya mawe, haina kitu kingine ndani, na niliipima kwa mizani. Haimwagwi yote kwa mpigo: inagawanywa kwa siku tatu, kilo 12 kila siku, inayeyushwa kwenye ndoo kwanza, halafu inamiminwa pale maji ya pampu yanapoangukia, ili punje zisitue chini samaki akazilalia zikamuunguza ngozi. Baada ya hapo huongezi tena, kwa sababu chumvi haipotei na mvuke. Inapungua tu ukibadilisha maji, na unarudisha ile iliyotoka.

Damu ya samaki yenyewe ina chumvi karibu asilimia 0.9. Koi ni samaki wa maji baridi, maji yanamwingia mwilini usiku na mchana na figo zinafanya kazi ya kuyatoa. Akiwa na kidonda yanaingia kwa wingi zaidi. Hiyo 0.3 inampunguzia mzigo. Haimuui. Kama ingekuwa inaua, hawa waliobaki wangekuwa wanakuja kula mkononi mwangu?

Kilichomuua kiliingia na mfuko. Shemeji alileta samaki kutoka kwa rafiki yake mwenye loji, akawamimina bwawani pamoja na maji ya mfuko, mimi nikiwa kazini. Koi mgeni anakaa karantini wiki tatu hadi nne, kwenye tangi lake, na chujio lake na wavu wake usiogusa maji mengine. Mtu anayefuga anajua hivyo. Baadaye wa kwetu wakaanza kujikuna kwenye sakafu ya bwawa, wakabana mapezi, wakawa wanasimama pale maji yanapoingia wakitafuta hewa. Ndipo gamba moja likainuka kwa yule kohaku, chini yake pekundu, kikawa kidonda. Chumvi ilikuja baada ya hayo yote. BAADA, Shangazi. Mume wangu anaijua tarehe, kwa sababu yeye ndiye aliyenibebea magunia. Na bado alinyamaza.

Anasema pia maji yangu ni machafu. Maji yalipimwa kabla ya kutia chochote: amonia 0, naitraiti 0 (hizo ndizo sumu zinazotokana na taka za samaki), na pH, kipimo cha uasidi, 8.2. Daktari wa mifugo alikwangua ute nyuma ya pezi la kifuani, akauweka chini ya hadubini, akanionyesha kwa macho yangu: minyoo midogo ya matamvua yenye kulabu, ile yenye madoa manne ya macho kichwani. Kulabu zao hujeruhi samaki, na bakteria aina ya Aeromonas, ambao wako kwenye kila bwawa, wanapata mlango. Kwa hiyo kidonda unachokiona ni jambo la pili. Ukitibu kidonda ukaacha minyoo, kesho kinatokea kingine.

Dawa ya minyoo hiyo ni prazikwanteli, hii hii ya kichocho. Miligramu 2.5 kwa lita. Kwa lita 12,000 ni gramu 30, sawa na vidonge 50 vya miligramu 600. Vinasagwa unga laini na kukorogwa kwanza, maana haiyeyuki kirahisi. Haidhuru bakteria wa chujio, wale wanaoiondoa amonia majini. Ila mayai hayafi, kwa hiyo baada ya wiki hivi inarudiwa, ili kuwakamata walioanguliwa. Hapa katikati ndipo shemeji alipofika na pakiti ya antibayotiki ya kuku, akataka kuimwaga bwawani.

Nilikataa, na kukataa huko ndiko kunakoitwa kiburi. Ile dawa ya kuku ni oksitetrasaiklini. Kwenye maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi inashikana na madini hayo, samaki anapata kidogo sana. Inayobaki inaweza kuwaumiza bakteria wa chujio, ambao huchukua wiki nne hadi sita kujijenga upya. Wakifa wao, amonia inapanda. Na kwa pH ya 8.2 maji yakiwa nyuzi 24, kiasi cha asilimia 7 au 8 ya amonia yote ni ile yenye sumu kali, wakati kwa pH ya 7.2 haifiki hata asilimia 1. Angewaua wote, halafu ingesemwa ni chumvi.

Yule jike wa manjano niliyemtenga anaendelea vizuri, na sikumtibu kwa kubahatisha. Analazwa kwa mafuta ya karafuu, haya ya kutuliza jino: nusu mililita kwa lita 10 za maji ya bwawa lake, ukiyatikisa kwanza kwenye chupa yenye maji ya vuguvugu mpaka yawe meupe kama tui, la sivyo yanaelea juu. Akilala ubavu unamtoa kwenye taulo bichi, unamfunika macho, na unaangalia kifuniko cha matamvua kisiache kutembea. Kikisimama unamrudisha haraka kwenye maji safi yenye hewa, mdomo ukielekea mkondo. Magamba yaliyolegea yanang'olewa kwa kibano, kidonda kinasafishwa kwa povidoni ayodini kwa pamba, kinakaushwa, kinapakwa ile dawa nzito ya vidonda vya mdomoni inayoshika palipo na unyevu. Mara moja tu. Anayesugua kila siku anabandua ngozi mpya. Kidonda kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, juu ya pezi la tumboni. Sasa ukingo umezungukwa na utando mweupe na wekundu umeingia katikati, unapungua. Ungekuwa unatanuka, angehitaji sindano ya daktari, kwa uzito wake, baada ya maabara kusema bakteria wanakufa kwa dawa ipi.

Mama mkwe amekiona kidonda kinavyofunga. Mume wangu amekiona. Nani amemwambia shemeji? Hakuna.

Sasa hivi shemeji anataka kuja Jumamosi na pipa awachukue waliobaki, yule jike akiwemo, awapeleke kwenye bwawa la rafiki yake "wakapate mtu anayejua". Anasema walikuwa wa marehemu baba, na yeye ndiye mkubwa. Kuna saa natamani awachukue wote, bwawa lijazwe udongo, nipande mchicha nipumzike. Nimechoka kusikia neno chumvi.

Lakini samaki hawa hawapaswi kutoka hapa. Kuna virusi vya koi vinaitwa KHV, vilianza kujulikana 1998, havina dawa. Vinashamiri maji yakiwa kati ya nyuzi 16 na 28, na huku kwetu Arusha bwawa liko humo karibu mwaka mzima. Matamvua yanatoka mabaka meupe, macho yanadidimia, na bwawa zima linaweza kwisha ndani ya wiki chache. Aliyepona anaweza kubaki navyo kimya akawapa wengine. Sidhani ndivyo vilivyotupata, kwani kafa mmoja na ana kidonda. Ila kuthibitisha kunahitaji kipande cha tamvua na figo za mzoga mbichi, uliowekwa kwenye barafu, kwa kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya virusi, na shemeji alimzika kohaku chini ya mgomba kabla sijapata hata kumfunua matamvua. Nilipouliza kwa nini, akasema nataka kuficha chumvi. Mume wangu alikuwa ameshika jembe.

Sitaki ugomvi na familia. Wala siombi shemeji aniombe radhi, ingawa ingenituliza. Nikifunga geti Jumamosi nitakuwa mke aliyemfukuza kaka wa mumewe kwenye nyumba ya baba yao. Nisipofunga, ugonjwa unaenda kwa watu wengine, na wakifa huko nitasikia tena ni chumvi. Je, ni mimi wa kusema hapana, au nimwambie mume wangu aseme yeye, na akinyamaza tena nifanye nini? Nimefikiria kumwendea mama mkwe peke yake kabla ya Jumamosi na vipimo vya maji mkononi, lakini naogopa ataona namsemea mwanawe vibaya.

Nijibu mapema, Shangazi. Awamu ya pili ya prazikwanteli ni Ijumaa, na samaki aliyetoka kwenye dawa hafai kusafirishwa kwenye pipa kesho yake, hata kama mtaniambia niwaachie.