Kubadilisha chupa si kubadilisha dawa

Ndugu Mhariri,

Wakulima wa nyanya wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Magu hadi Sengerema, wanalalamika kwamba dawa za kantangaze, nondo mdogo ambaye viwavi wake hula nyanya, ni feki. Feki zipo. Lakini hata dawa halisi inashindwa pale mdudu alipokwisha kujenga usugu.

Kantangaze hazoei dawa kama mtu anavyozoea pilipili. Miongoni mwa maelfu shambani, wachache huzaliwa na tofauti: miili yao huivunja sumu upesi, au pale sumu inaponasa kwenye neva pamebadilika umbo. Ukipuliza, wenzao hufa, hao hubaki kuzaana. Jike hutaga hadi mayai 260, na kwa joto letu kizazi huchukua takriban mwezi. Nasi tunamwagilia mwaka mzima, kwa hiyo mdudu hakosi chakula, wala hakosi dawa ileile.

Kosa kubwa hufanyika dukani. Mkulima anaacha chupa ya kijani, anachukua ya bluu, anaamini amebadilisha. Geuza chupa, usome kiambato amilifu, yaani sumu yenyewe inayoua. Saipamethrini, deltamethrini, lambda-saihalothrini: majina ambayo kwenye lebo huishia na "thrin" ni kundi namba 3 (dawa hupangwa makundi kwa namna zinavyomuua mdudu), na yote hugonga sehemu moja ya neva. Mdudu ambaye neva yake inahimili moja mara nyingi huhimili zote. Spinosadi ni kundi la 5, abamektini la 6, klorantraniliproli la 28. Tumia kundi moja siku 30, kisha hamia jingine. Hata hilo la 28 limeshindwa na kantangaze huko Italia na Brazili.

Kipimo nacho: lebo ikisema ml 20 kwa lita 20, pampu ya lita 16 inataka ml 16. Kifuniko si kipimo. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Ukipunguza, wenye usugu kidogo wanapona. Ukizidisha, unamaliza buibui na wadudu wanaotusaidia kumla, na wenye usugu mkubwa wanabaki.

Puliza jioni, nozeli ikielekea chini ya jani. Kiwavi akishaingia kati ya ngozi mbili za jani, dawa ya kugusa haimfikii, hivyo chuma majani yenye mabaka meupe uyafukie. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina wiki hiyohiyo. Yakiachwa yanamlea mdudu wa shamba la jirani.

Na tafadhali, pampu isioshwe ziwani. Dawa za "thrin" huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Msomaji,
Ilemela, Mwanza